Jinni Aliyeogopa Kurithiwa

Katika mji wa Dhahabani, zama za kale, alitawala Sultani Mughira bin Hamdani, mwenye majumba ya marumaru na farasi wa fahari na watoto wa kiume wengi kupita haja, na katika mji huo alikuwako tajiri mmoja mzee, Bwana Sharwani, muuza udi na ambari, aliyejaaliwa kila kitu isipokuwa magoti.

Magoti yalikwisha kumgomea, na mkewe alikwisha kufariki, na watoto wake wawili, Hilali na Zamzam, walikaa upande wa pili wa mji na walimwamkia sikukuu hadi sikukuu. Aliyemhudumia ni jinni Barkasha, mtumwa wa pete ya fedha iliyokuwa kidoleni mwake. Na jinni huyo, aliyeweza kung'oa mlima kwa mkono mmoja, hakuweza kupika uji. Akiambiwa apashe maji ya kuoga, ndoo iliyeyuka. Akiambiwa amwinue bwana wake kitandani, mzee alijikuta mawinguni na kikoi chake kimebaki chini.

Uji wa kulika ulitoka kwa Bi Faidha, mjane wa nyumba ya jirani. Mzee alitamani sana kumwoa na kumaliza umri wake naye katika nyumba ile ile, na Bi Faidha hakuwa na kinyongo. Lakini kila neno hilo lilipoguswa watoto walikuja juu, kwa kuwa mke akiingia, thumni ya urithi humtoka mtu mkononi. Na mzee mwenyewe, mtu yeyote akimtajia wasia alitia vidole masikioni, akiamini kwamba neno hilo humwita malaika wa mauti. Mtu mzima, tena msomi!

Siku moja akateleza ngazini, na habari zikafika mjini kabla hajamaliza kuanguka. Watoto wakaja mbio. Hilali akaanza kuipima sebule kwa kamba, na Zamzam akaketi kando ya baba yake, akampaka sabuni kidole chenye pete.

"Sijafa!" akafoka mzee.

"Twajua, baba," akasema Zamzam, akizidi kusugua. "Twajitayarisha tu."

"Na jinni je?" akauliza Hilali. "Mimi ni mwanamume. Nitamtumia siku mbili, wewe moja, ndiyo sheria."

Walipokwenda zao, pete ikiwa bado imekwama, jinni akapiga magoti na kulia hata mazulia yakaelea.

"Ewe bwana wangu, mwenye hisani na adabu," akasema, "mimi nami ni mali, na ukifa nitarithiwa. Zamani nilirithiwa na ndugu wawili, na mmoja akaniamuru nijenge ukuta, na wa pili akaniamuru niubomoe, na nikaujenga asubuhi na kuubomoa jioni hadi wakazeeka, na wajukuu wakanirithi pamoja na ukuta wenyewe. Na huku wakigombana, mtunza hazina alikuwa akija kutoza ushuru wa mali isiyopangwa. Nakusihi kwa heshima ya ndevu zako, panga mambo yako ungali na akili zako!"

Mzee akalitazama povu la sabuni lililobaki kidoleni, na uchungu ukamshika, maana mikono ile iliyomsugua alikuwa ameifundisha kushika kijiko. Akasema, "Nipeleke kwa Sultani. Polepole, na kikoi changu kije nami."

Wakampitia Bi Faidha, na barazani kwa Sultani wakawakuta Hilali na Zamzam wametangulia.

"Maulana," akasema Hilali, "baba yetu amerukwa na akili. Ataka kuoa."

"Hiyo si dalili ya kutosha," akasema Sultani. "Nani anamwogesha?"

"Mimi, maulana," akasema jinni kwa aibu, "ila nilimbabua."

"Na nyinyi?"

"Sisi twampenda sana baba," akasema Zamzam.

"Vyema. Basi anayeitaka pete amchukue mzee leo hii, pamoja na kikohozi chake, na moshi wake wa udi, na hadithi zake za safari."

Hilali akarudi nyuma hatua, na Zamzam akakumbuka kwamba nyumba yake ina ngazi nyingi.

Sultani akamgeukia mjane. "Nawe wataka nini, bibi?"

"Thumni siitamani, maulana," akajibu Bi Faidha. "Nataka mtu wa kunywa naye kahawa. Ila nyumba ya wenyewe naiogopa. Nilipofiwa na mume wa kwanza, eda ilikwisha asubuhi, na adhuhuri godoro langu lilikuwa barabarani."

Ndipo Bwana Sharwani akasimama kwa magoti yake mabovu, na kwa mara ya kwanza akalitamka neno wasia, na malaika hakutokea. Nyumba akaiweka wakfu: yeye na Bi Faidha wakae humo hadi wa mwisho wao afe, kisha iwe makao ya wazee wasio na mtu. Udi na ambari watoto wagawane kwa sheria, atakapozikwa yeye na si kabla. Kisha akamnyoshea jinni kidole. "Wewe nakuacha huru leo, mbele ya mashahidi. Usirithiwe tena na mtu."

Pete ikateleza yenyewe, na jinni akaruka kupitia paa la baraza bila hata kuaga.

Harusi ikafanywa kwa pilau na ngoma, ingawa bwana harusi mara kwa mara aliutazama mlango. Alfajiri ya pili mlango ukabishwa. Barkasha alikuwa amesimama nje, na ndoo mkononi, na maji yake yalikuwa vuguvugu.

"Hakuna aliyeniamuru," akasema, na mzee akalia waziwazi.

Wakaishi kwa raha, na fundisho lake ni kwamba mwenye mali apange angali anapumua. Na haukupita muda, ikaja hodi nyingine. Alikuwa mzee aliyejifunika joho, ndevu zake zikinukia miski ya kifalme.

"Wanangu wamekipima kiti changu cha enzi kwa kamba," akanong'ona Sultani Mughira. "Je, mna kitanda kimoja?"