Mwanamvua Apewa Uamiri

Hapo zamani, katika mji mmoja wenye ukuta, alikuwako mjane, jina lake Mwanamvua, hana kitu ila watoto wadogo na mbuzi mmoja wa maziwa. Siku moja askari wa Sultani Shekuwe wakamchukua mbuzi, wakamla. Watoto wakalia kutwa kwa njaa. Na Mwanamvua, asiyekuwa na nafasi ya kulia, akajitanda kanga akaenda barazani kushtaki.

Sultani akauliza, "Ewe mwanamke, wawaita askari wangu wezi?"

"Mimi sijasema, Bwana. Mifupa iliyotupwa kambini mwao ndiyo isemayo."

"Haya! Leo nakupa uamiri. Jeshi lote ni lako, na amri yako haina wa kuikataa. Niletee mwizi amefungwa kamba kabla jua halijatua. Ukishindwa, nitakufunga wewe kwa kuwasingizia watu wangu."

Wakamvika kilemba, kikamshuka hadi puani, baraza zima likaangua kicheko.

Basi Mwanamvua akawapanga askari uani. "Nani aliyekula mbuzi wangu?" Kila mtu akatazama vidole vyake vya miguu. Akajua hawa watalindana hadi kiama. Akauliza kwa upole, "Wanangu, mkichinja, nyama hugawanywa vipi?"

Hapo ndimi zikafunguka. "Mapaja ni yetu, Amiri, utumbo wa wapishi, na kidari ni fungu la Sultani. Hachinjwi mnyama asipelekewe kidari."

"Na cha mbuzi wangu?"

"Alikila, tena akaagiza chumvi."

"Basi mfungeni."

Akida wao akauliza, "Mama, watutakia kifo?"

"Mama yako yuko kwake. Mimi ni Amiri. Nani aliyesema amri yangu haina wa kuikataa?"

"Sultani."

"Nanyi mwamkataa Sultani?"

Ikawa Sultani akaletwa barazani, mikono nyuma, mbele ya wale wale waliocheka. Mwanamvua akasema, "Mwizi huyu hapa, Bwana, na jua bado liko juu. Ila sijui nimkabidhi nani, maana wa kumpokea ndiye aliyefungwa."

Sultani akaona hana pa kuuficha uso, akacheka yeye kwanza. "Nifungueni, nami nitamlipa mbuzi."

"Wa maziwa?"

"Wa maziwa."

"Pamoja na mwanawe. Pasipo mtoto maziwa hukatika, na wewe, Bwana, hujapata kukamua."

Akapewa wote wawili. Watu wakamwita arudi ashukuru; akajibu bila kugeuka kwamba chungu hakijatelekwa na watoto wanangoja. Hekaya yetu imefika nyumbani na maziwa yake. Asiyeshiba, akamkamue mbuzi wake.