Maji ya Kunawa ya Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, zamani za jua kali na usingizi mwepesi, wanyama walikuwa na nyumba zao, meko yao, na majirani wa kuazimana chumvi. Sogeeni. Wewe unayechokonoa moto, acha, hadithi haipikwi kwa kijiti.

Katika nchi hiyo Kiboko alikuwa mfalme. Akazeeka, akaambiwa, "Baba, sasa pumzika," na kiti akapewa Nyati. Siku ya kuhama, Kiboko alibeba ngoma yake, kitanda chake na mito yake. Na ndani ya mto mmoja, chap! akapenyeza magome ya siri.

Magome gani? Msinidakize, naeleza. Vilikuwa vipande vya magome ya mti, vimechorwa alama za chemchemi zilizofichwa chini ya mawe. Mfalme huyatunza tu, hayawi yake. Na hayafunguliwi ila mwaka wa ukame mkubwa.

Basi mwaka huo ukafika. Nchi nzima ikawa kama inaota. Joto lilipanda kutoka ardhini likichezacheza machoni, na kila mtu akaona maji pale ambapo hapakuwa na maji. Swala waliyafuata polepole, wanatabasamu, kisha wakarudi na vumbi midomoni.

Sasa alikuwepo Bi Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, mwepesi zaidi wa akili. Alikuwa na mwana mmoja, Kombo. Kombo alikuwa hali tena, halii tena. Alilala kizingitini, macho nusu wazi, akanong'ona, "Mama, nimeota mvua."

Bi Nguchiro aliogopa, aliogopa hasa, maana mtoto mwenye kiu asiyelia yuko karibu kuondoka.

Nyati alipofungua sanduku la magome, lo! Tupu! Wote wakakimbilia uwanjani kwa Hakimu Kobe kumshitaki Kiboko. Kiboko hakuja. Alimtuma wakili wake, Fisi, aliyejifunga shuka jeupe na kucheka kabla hajaulizwa kitu.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema Fisi, "magome hayapo kwa mzee wangu. Na kama yapo, ni yake. Siku ya mwisho ya ufalme wake alilala mchana, akaota kwamba siri imekwisha na magome yamekuwa mali yake. Na ndoto ya mfalme ni amri!"

"Ati nini?" Nyati akafoka, vumbi likaruka puani. "Hayapo, lakini yapo, lakini ni yake?"

"Na kama si yake," Fisi akaendelea bila haya, "nyumba yake hamwingii. Sheria inakataa."

"Mbona ngozi yake inang'aa?" aliuliza Bi Nguchiro. "Sisi sote tumepauka, yeye anameremeta!"

"Jasho la uzee hilo, bibi. Hujazeeka, utajuaje?"

"Tuvunje mlango!" akanguruma Nyati. "Watoto wanakufa!"

Hakimu Kobe alitoa shingo yake taratiiibu, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Hiyo ndoto ya mfalme naiweka kando," alisema. "Hata mimi huota nakimbia. Lakini nyumba ya mtu haipekuliwi kwa dhana. Leo tukiingia kwa Kiboko kwa dhana, kesho wataingia kwako kwa dhana, na kesho kutwa kwangu, nami nyumba yangu naibeba mgongoni. Nileteeni ishara iliyotoka mkononi mwake mwenyewe. Hapo nitaamuru mlango ufunguliwe."

Nyati alipiga kwato, wengine wakalia. Bi Nguchiro hakulia. Alijipaka vumbi viganjani, akaondoka zake pole pole kama mtu anayetembea usingizini.

Kiboko alikuwa barazani kwake, anakula mihogo ya kuchoma. Na ninyi mnajua adabu yetu, mtu anayekula hawezi kumwona mpita njia akanyamaza. Fisi alikuwa amemwonya asiseme na mtu, lakini adabu ya miaka yote utaizuiaje?

"Karibu, Bi Nguchiro! Karibu tule!"

"Ahsante, Mtukufu," akajibu, akaketi mkekani.

Mtukufu! Kiboko alifumba macho. Tangu aondoke kitini hakuna aliyemwita hivyo. Jina lile lilimwingia moyoni, likamlaza, likambembeleza.

"Kula basi, mama."

Bi Nguchiro akanyoosha mikono yake yenye vumbi, kisha akairudisha. Akavunja jani kavu, akaanza kujipangusa nalo, kwaru, kwaru.

"Unafanya nini?"

"Najipangusa, Mtukufu. Siku hizi hata kwa wakubwa mgeni hanawishwi. Zamani, ulipokuwa kitini, mgeni alinawishwa mpaka kiwikoni. Basi, yamepita hayo. Ukitoka kitini umetoka, mtu anakuwa kama sisi tu."

"Kama ninyi!" Kiboko akasimama, baraza likatikisika. "Nani kama ninyi? Kwangu mgeni hali na mikono michafu! Haijawahi kutokea!"

Akaingia ndani, tu, tu, tu. Akatoka na kata. Akainamisha. Chururuuu! Maji baridi, safi, yakamwagika juu ya mikono ya Bi Nguchiro. Ulimi wake ulitaka kuyarukia. Akauuma. Akafumba ngumi zote mbili, na chwii! huyo akatoka mbio.

"Mgeni! Hujala!"

"Nimeshiba, Mtukufu!"

Alikimbia, jamani! Jua lilikuwa linanyonya mikono yake, unyevu unapungua, na njia ilikuwa inacheza machoni mwake. Njia hiyo ilipita nyumbani kwake. Kombo alikuwa kizingitini bado, hakuinua hata kichwa.

Akili ilimwambia apite. Moyo ukakataa. Akapiga magoti, akamfumbulia mwanawe kiganja cha kushoto. Kombo akalamba, akalamba, akafungua macho.

"Mama, ndoto hii ni baridi."

"Si ndoto, baba. Nisubiri."

Akafika uwanjani na ngumi moja. "Hakimu! Kiboko amenawisha mgeni! Tazama!" akafumbua kiganja cha kulia.

Hakimu Kobe akaanza kutoa shingo. Taratiiibu.

"Toa shingo, mzee, kinakauka!" walipiga kelele wote. Ikatoka. Manyoya ya kiganjani yalikuwa bado yamelowa.

"Jasho!" akadakia Fisi. "Mheshimiwa, huyu amekimbia, ana jasho! Kha kha kha!"

Hakimu akafikiri.

"Jasho lina chumvi," alisema. "Wakili, onja."

Fisi akainama akicheka, akalamba. Kicheko kikakatika. Naye alikuwa hajaona maji siku nyingi, maana mzee wake hakuwahi kumpa hata tone. Akalamba tena, akakishika kile kiganja kwa mikono miwili, macho yakamjaa machozi.

"Ongeza," akasema.

"Lina chumvi?"

"Tamu, Mheshimiwa. Tamu, baridi. Naomba ongeza!"

Hakimu Kobe akagonga gamba lake, ko! "Fungueni mlango."

Hawakuvunja kitu. Walipiga hodi, wakaingia, wakaondoa shuka kitandani. Mto wa kwanza, pamba. Mto wa pili, pamba. Mto wa tatu, kwaru! Magome. Nyati akayasoma, wakasukuma mawe, na maji yakatoka kila mahali yakicheka. Bi Nguchiro alimbeba Kombo mwenyewe mpaka ukingoni. Mtoto akanywa, akakohoa, kisha akalia kwa sauti kubwa, na mama yake akasema hajawahi kusikia kitu kizuri kama kilio kile.

Kiboko alibaki amesimama mbali, amejiinamia. Walipomjia akasema, "Sikutaka mtoto yeyote afe. Nilitaka tu mtu mmoja aje aniombe."

"Wa kukuomba alikuwa kizingitini kwangu, hana nguvu za kuinuka," alijibu Bi Nguchiro. "Wewe hukupita."

Nanyi, wajukuu zangu, lalieni hili: cha wengi hakitunzwi chini ya kichwa cha mmoja.