Sultani Abishana na Nafsi Yake

Hapo zamani, enzi ambayo bata walilala pazuri kuliko wanazuoni, mji wa Kiungwi ulitawaliwa na Sultani Shekuwe. Alikuwa mtu mkarimu na mcheshi, ila alikuwa na sheria moja ya ajabu aliyoitunga mwenyewe: neno likisha kunenwa juu ya kiti cha enzi, mwenye kulipinga, awe nani awaye, atiwe katika banda la bata nyuma ya jumba. Basi siku moja alionja mchuzi akanena, "Chumvi imekolea." Mpishi wake Kombo, mtu asiyejua kumeza neno, akajibu, "Maulana, chumvi sijatia bado." Ikawa Kombo akaenda kulala na bata.

Mkewe, Mize, alikuwa fukara asiye na kitu ila maneno. Kila asubuhi alimpelekea mumewe muhogo bandani, akamkuta ana manyoya kichwani, na machozi yakamlengalenga. Alimpenda Kombo, na nyumba bila kelele zake ilikuwa imepooza.

Ikawa akapita msafiri mmoja, akamwambia Sultani kwamba wafalme wa kwao hupata hekima kwa kujadiliana: mmoja husema, mwenziwe hupinga, na katika kuvutana huko akili hunolewa. Sultani akaona wivu. Akawaita wanazuoni wote, akapanda kitini, akanena, "Leo tutaichunguza akili ya mwanadamu. Mimi nasema akili hukaa kichwani. Haya, nipingeni!"

Wa kwanza akasema, "Maulana, huenda ikakaa moyoni." Akapelekwa bandani. Wa pili, kuona vile, akasema, "Maulana umenena kweli tupu." Sultani akaghadhibika: "Sasa huo ni mjadala gani?" Naye akapelekwa. Hata ikafika adhuhuri banda limejaa vilemba, na bata wenyewe wamehamia uani.

Basi Sultani akapiga mbiu: atakayejadiliana naye mpaka yeye Sultani apate hekima, wala asimpinge hata kwa ukope, aombe alitakalo; akishindwa, bandani. Watu wakajifungia majumbani mwao. Mize akajifunga kanga kiunoni, akachukua kibao cha mbuzi cha mumewe, kile cha kukunia nazi, akashika njia ya jumbani. Njiani akajiuliza: akishindwa yeye, nani atampelekea Kombo muhogo?

"Ewe mwanamke," akanena Sultani, "wewe ndiwe mjuzi?"

"La, Maulana, mimi sijui kitu. Lakini nimekupatia mpinzani. Kwa akili hakuzidi wala hakupungukii, na kukuogopa hakuogopi."

"Yuko wapi?"

Mize akaweka kibao chini, mbele ya kiti cha enzi. "Atakaa hapa. Maulana anene neno lake kitini, kisha ashuke akae kibaoni, ajijibu. Mji mzima huu hakuna aliye sawa na Maulana ila Maulana."

Sultani akaona amesifiwa, akafurahi. Akanena kitini, "Akili hukaa kichwani!" Akashuka, akachuchumaa kibaoni, akapaza sauti, "Uongo! Hukaa tumboni! Mbona nikiwa na njaa nasahau hata majina ya wanangu?"

Akapanda mbio. "Kwa hiyo mwenye kuumwa tumbo ni mwendawazimu?"

Akashuka mbio. "Mimi juzi niliumwa tumbo nikatunga sheria!"

Akapanda, akahema. "Unanivunjia heshima!"

Akashuka. "Nakwambia kweli! Wewe toka utawazwe hujaambiwa kweli hata siku moja. Mchuzi hauna chumvi, wewe wasema imekolea!"

Akapanda huku anatetemeka kwa hasira. "Jemadari! Mkamate huyo anayenipinga!"

Jemadari Ngwali akatazama huku na huku. "Yupi, Maulana?"

"Huyo wa kibaoni!"

Kibao kilikuwa kitupu. Mize akainamisha kichwa kwa adabu. "Jemadari, sheria yasema awe nani awaye. Akishuka tu, mshike."

Sultani akatambua, akatulia kitini, akatafuna ndevu. Lakini lo, alikuwa amepata jibu tamu sana la kumpa yule wa juu! Likamwasha ulimini. Akajizuia, akajikuna, akashindwa. Akaruka kibaoni, "Tena wewe—" na askari wakamdaka.

Huko bandani mambo yalikuwa mengine. Aliyekwisha tiwa banda la bata hana tena pa kupelekwa, kwa hiyo hakuna aliyeogopa. Sultani akanena, "Akili hukaa kichwani," na wote wakaitikia kwa pamoja, "Uongo!" Kombo akasema hukaa ulimini, na kwake yeye huenda ni kweli. Wakabishana, wakashikana vilemba, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Sultani alishindwa mara nyingi, na kila akishindwa uso wake ulizidi kung'aa. Jemadari alipokuja kumfungulia alasiri, akafukuzwa: "Ngoja kwanza! Huyu wa moyoni bado hajanijibu."

Akatoka hatimaye, manyoya tele kilembani. "Omba utakalo, bibi."

"Namtaka mume wangu, Maulana."

Sultani akacheka, akawaachia wote, akaifuta sheria yake, akaamuru kibao kibaki mbele ya kiti cha enzi. Mwenye la kupinga akae pale, aseme.

Jioni ikaandaliwa karamu. Sultani akaonja mchuzi, akafumba macho kwa raha. "Chumvi imekolea," akanena.

Mikono ikasimama sahanini. Jemadari akatupa jicho upande wa banda. Mize akamshika Kombo kanzu, amzuie, lakini Kombo alikwisha inuka. Akaenda taratibu, akakaa kibaoni.

"Sijatia bado, Maulana."

Sultani akaonja tena. Akaonja mara nyingine.

"Basi ilete," akasema.