Msikilizaji Mmoja wa Mwalimu wa Takwimu

Wapendwa, kaeni vizuri. Leo nawapeleka chuo kikuu, na msiogope, sitawapa mtihani.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa chuo, mwanamke, aliyefundisha takwimu mwaka wa kwanza. Wanafunzi mia tatu ukumbi mmoja, kipaza sauti kinakoroma. Mtihani wa muhula ulipokuja, wakaanguka themanini. Mnajua kuanguka kwa chuoni? Unaruhusiwa kurudia mwisho wa mwaka, na ukianguka tena unadisko. Unafukuzwa chuo, unafunga begi, unarudi nyumbani kumtazama mama yako usoni. Mwalimu yule roho ilimuuma, akawaona wale themanini kama wanawe.

Akaamua kuwatengenezea podikasti. Kila Jumatatu asubuhi anaingiza kichwa kabatini, katikati ya kanga na magauni, ili mwangwi usisikike, anajirekodi kwa simu dakika kumi. "Wanangu, hamjambo? Leo tunakula wastani, kijiko kimoja kimoja. Ukikwama, nipo." Kisha anaiweka kwenye ukurasa wa darasa.

Wiki ya kwanza akaangalia idadi ya waliopakua. Mmoja. Wiki ya pili, mmoja. Wiki ya tano, yule yule mmoja!

Mwalimu mwenzake wa ofisini akacheka mpaka akavua miwani. "Dada, huyo mmoja si wewe mwenyewe kweli?"

"Mimi sipakui ya kwangu, kaka."

"Basi unazifundisha nguo zako takwimu. Vijana hawa wanataka muziki. Jipumzikie."

Angekuwa mmoja wetu hapa, si angeacha? Mimi ningeacha wiki ya pili, nasema kweli mbele ya madhabahu. Naye nusura aache. Wiki ya tisa alisimama mbele ya kabati, machozi yanamlengalenga. Akajisemea, "Kama ni mmoja, basi huyo mmoja asidisko." Akaingiza kichwa.

Wiki ya kumi na mbili akaugua, sauti ikakauka kabisa. Jumatatu ikapita bila podikasti. Jumanne anafika ofisini, anakuta korido imejaa wanafunzi mpaka kwenye ngazi. Akadhani ni mgomo.

Kiongozi wa darasa, binti mmoja mrefu, akasogea. "Shikamoo, mwalimu. Unaumwa? Jana hatujakusikia."

"Marahaba," akanong'ona. "Hamjanisikia akina nani? Si anasikiliza mtu mmoja?"

"Anayepakua ndiye mmoja, mwalimu, ni mimi. Wenzangu hawana bando la intaneti. Jumatatu mchana hatuna kipindi, tunafua kwenye karo nyuma ya bweni. Naitumbukiza simu kwenye ndoo tupu, sauti inatoka kubwa, tunasikiliza wote. Hata wavulana siku hizi wanaleta nguo zao, sote themanini tuliofeli tupo. Jana tumefua kimya, mwalimu. Tukaogopa."

Mwalimu akashika ukuta, akalia mbele za watu bila aibu.

Mtihani wa kurudia ukaja. Wakaingia themanini. Hakudisko hata mmoja! Nasema hata mmoja! Walimbeba mwalimu wao juu juu kuzunguka ukumbi, kiatu kimoja kikadondoka, na hakuna aliyejali.

Haya, sasa sisi. Mnadhani nitasema tujifunze uvumilivu tu? Hapana. Yule alikuwa mwalimu wa takwimu, kazi yake ni hesabu, na bado alihesabu watu themanini akapata mmoja. Sasa wewe usiyejua hata wastani, nani kakupa kazi ya kuhesabu mioyo ya watu?

Maana tunafanya hivyo. Una mtoto chuoni. Unampigia, anasema, "Poa, mama," anakata. Ukasema huyu hanijali, ukaacha kupiga. Ulijuaje kwamba hakugeuka kwa mwenzake wa chumbani, akasema huku anacheka, "Mama kapiga tena"? Ulijuaje kwamba yule mwenzake hana mama, na alikuwa akiisubiri simu yako kila wiki kuliko mwanao?

Ibada ikiisha, kabla hamjaanza kusalimiana hapo nje, toa simu. Mpigie. Akikujibu neno moja, mshukuru Mungu kwa hilo moja, na wiki ijayo umpigie tena. Simameni tuombe.