Bi Mize, Wakala wa Mgonjwa

Apeni kwanza. Mkono kifuani, semeni wallahi neno hili halivuki kizingiti hiki. Haya. Nami niliapishwa vivyo hivyo, na tangu siku ile sijamwambia mtu, ila wale tuliokutana kisimani, na msiba mmoja, na harusi mbili.

Palikuwa na tajiri wa karafuu, Bwana Saghiri, aliyetaka mtu mwingine amlipie madeni yake. Msimu mzima alichukua karafuu za wakulima kwa ahadi. Karafuu akaziuza, fedha akapokea, wakulima wakabaki na ahadi. Siku ya kulipa ilipokaribia akamwita Bi Mize, mjane anayewamba vitanda vya kamba, mwenye kibanda chake cha makuti. Kibanda chake yeye. Kiwanja cha Bwana Saghiri.

"Bi Mize, afya yangu si njema. Nataka uwe wakala wangu. Nikishindwa kusema, wewe ndiye utakayesema na watu."

"Bwana una ndugu wanne."

"Ndugu wana mambo yao."

"Na mimi nina vitanda vyangu."

"Na kibanda pia unacho, kwenye kiwanja changu. Ukikataa, kesho king'oe ukakisimamishe hewani."

Bi Mize akaitazama karatasi. Kusoma hakujua, kuuliza alijua. "Imeandikwa nini humo?"

"Kwamba mali yangu iko mkononi mwako. Watu wakinidai, utawalipa kwa mali yangu. Isipotosha, utafidia kwa kibanda chako."

"Mali yote hii isitoshe, bwana?"

"Mambo ya dunia hayo."

"Basi ongeza mstari mmoja. Kila kilichomo ndani ya nyumba hii, nina ruhusa ya kukiuza."

Bwana Saghiri alicheka mpaka akakohoa. Akauongeza. Bi Mize akatia dole gumba.

Hata wino haujakauka vizuri, mji mzima ukasikia Bwana Saghiri kapigwa na kiharusi. Mdomo umekwenda upande, mkono umelala, kauli hana. Wiki haikuisha, wakulima wakaingia na kadhi, Sheikh Haidari. Wakala akaitwa. Masanduku yakafunguliwa: matupu. Ghala: vumbi. Hamkubaki kitu ila kitanda na mgonjwa juu yake.

"Bi Mize," akasema kadhi, "wakala halipi kwa mali yake, ila akiharibu mali aliyokabidhiwa. Nawe hukuharibu kitu. Lakini sharti la kufidia ulilikubali, na dole lako hili hapa. Kama hapana cha kuuza, nitauza kibanda."

Mgonjwa akaguna kwa huruma. Mtu asiye na kauli, kuguna anaweza.

Kibanda kile Bi Mize alikisimamisha mwenyewe, na wanawe wote aliwazalia mle. Hakulia. Aliinama akachungulia uvunguni mwa kitanda. Kamba zile alizitia yeye, mwezi haujapita, akaziacha zimekaza kama ngoma. Sasa zimebonyea, kidogo tu ziguse sakafu. Na Bwana Saghiri, maskini, ni mwembamba. Akikupa ubavu humwoni.

"Sheikh, kuna kitu kimoja hatujauza."

"Kitu gani?"

"Godoro."

"Godoro la mgonjwa, Bi Mize!"

"Nitamlaza kwangu mkekani, sheikh, maadamu bado nina kwangu. Mstari unasema kila kilichomo." Akawageukia wakulima. "Godoro la sufi, limelaliwa na mtu mkubwa! Naanza na rupia mbili."

"Mbili na nusu," akasema mkulima mmoja, kwa hasira tu.

"Hakuna wa rupia tatu? Haya, lako, baba. Shika pembe ile tuliteremshe."

Mkulima akashika. Ule mkono uliolala ukamkaba koo.

"Toka! Usiguse godoro langu!"

Kauli safi, imenyooka, mpaka waliokaa barazani waliisikia. Na mdomo umerudi mahali pake. Katika kuvutana huko godoro likachanika ubavuni, rupia zikaanza kutoka, moja moja, bila haraka, zikaviringika miguuni pa watu.

Kadhi akaokota moja, akaipuliza sufi. "Saghiri. Fedha hizi za nani?"

Bwana Saghiri akawaza. Akisema zake, atalipa.

"Si zangu, sheikh! Kazishona humu huyu mwanamke, huyu wakala!"

"Za Bi Mize?"

"Zake! Andika, sheikh, zote zake!"

Kadhi akaandika. Bi Mize akajifunga kanga kiunoni, akasogea kitandani.

"Basi shuka, bwana. Umekalia fedha zangu, na watu wanangoja niwalipe."