Tonge la Kwanza la Bi Mwanajuma

Haya, sogeeni, acheni kusukumana. Hadithi hii naujua mwanzo wake. Mwisho nauacha kwenu.

Pangani palikuwa na Salme, mwenye subira. Jirani yake, Mwanaidi, alijaliwa sauti ya kuimba. Na Kabula, rafiki wa Salme kutoka Shinyanga, alikuwa na moyo wa kujaribu kila kitu, hata asichokijua.

Kabula alikuja Ijumaa kwa wikiendi: ale wali wa nazi na samaki wa kupaka, aone na ngoma. Akakuta nyumba imezizima. Bi Mwanajuma, mama yake Salme, alikuwa amefiwa na mumewe. Eda ilikwisha, lakini yeye alibaki chumbani, hasemi na mtu, chakula hataki. Alikuwa anakwisha hivihivi.

Salme alikuwa akimnywesha uji kijiko kwa kijiko, kila siku, kisha anakwenda kulia jikoni. Bila uji ule, mama angeshazikwa.

Jumamosi Mwanaidi akaja uani, akaimba nyimbo za harusi alizozicheza Bi Mwanajuma ujanani. Mama akatoka chumbani, akaketi mlangoni kusikiliza.

Kabula alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Masikini, hakuwahi kukuna maishani mwake. Alikwangua mpaka kifuu, nazi ikatoka na weusi.

"We mwanangu, utatulisha kifuu! Hebu ondoka hapo."

Ilikuwa sauti ya Bi Mwanajuma. Salme aliangusha mwiko.

"Samahani, mama," alisema Kabula. "Kwetu hatuna minazi."

"Naona," akajibu mama, akacheka. Akakuna nazi nyingine, akachuja tui, akapika mwenyewe.

Wakakaa kwenye sinia. Nyumba ile ina desturi: mpishi humlisha kwa mkono wake tonge la kwanza yule anayemshukuru kuliko wote. Miaka yote lilikuwa la marehemu. Salme, binti wa pekee, hakuwahi kulipata.

Bi Mwanajuma akafinya tonge.

"Kabula ndiye aliyenisemesha," akasema. "Lakini bila Mwanaidi nisingetoka chumbani. Na bila Salme, ningekuwa nimelala kaburini kando ya baba yake."

Salme akainamisha uso. Alilitaka tonge lile mpaka akaona haya.

Msiniambie ligawanywe, tonge la shukrani halikatwi. Mkono wa mama uko juu, na vinywa ni vitatu.

Je, wewe ungemlisha nani?