Foleni ya Mafundi Cherehani

Asiyepiga kelele si lazima awe amekubali yaishe. Wapo wasiolijua hilo mpaka liwafike mlangoni, na mkuu wa ofisi ya vibali alikuwa mmoja wao.

Mtaa wa mafundi cherehani ulikuwa na zahanati moja, na wodi yake ya wazazi ilikuwa ifungwe mwisho wa mwezi; mkuu huyo alikuwa ameinyima kibali na kubandika tangazo mlangoni. Mama Pini, fundi wa magauni, alikuwa na binti mwenye mimba ya miezi minane. Hospitali ya pili ilikuwa mwendo wa saa tatu. Alitaka kuandamana, lakini sheria mpya ilikataza mabango, nyimbo na makelele bila kibali, na kila anayetaka kibali afike mwenyewe, apange foleni, ajaze fomu.

"Wametufunga midomo," alinung'unika jirani yake, fundi wa suruali.

Mama Pini alikuwa akipima gauni, pini kazibana midomoni kama kawaida ya mafundi. Akazitoa. "Sisi kazi yetu yote tunaifanya midomo imefungwa, shoga. Kwani foleni imekatazwa?"

Jumatatu asubuhi karani alifungua dirisha akakuta watu mia mbili, kimya kama maji ya mtungini. Kila fundi alibana pini midomoni, ulimi usije ukamponza.

"Mama, haya ni maandamano?"

Mama Pini alitoa pini moja moja, bila haraka. "Hapana, mwanangu. Tumekuja kuomba fomu za kuandamana. Si ndivyo sheria inavyotaka?"

Karani alitazama fomu zake. Zilikuwa kumi na mbili.

Siku ya pili foleni ilizunguka jengo. Siku ya tatu mkuu alipita mbele yao, hakuna aliyemsemesha, naye jasho likamtoka. "Afadhali wangenitukana," alimwambia karani, akaita askari.

Askari aliisoma sheria mara mbili, akavua kofia. "Mwisho wa foleni uko wapi?" aliuliza. "Mke wangu naye anajifungua mwezi ujao."

Alhamisi, mkuu alilibandua tangazo la kufunga wodi kwa mikono yake mwenyewe.

Wiki tatu baadaye binti alijifungua salama humo humo. Mtoto alilia mpaka mtaa wa pili wakasikia. Mama Pini alimpakata, furaha imemjaa. "Lia, mjukuu wangu. Wewe huombi kibali."

Kweli, kimya kingi kina mshindo mkubwa.